Rivyu: kliniki ya mkojo iliyonitoa kwenye UTI isiyoisha (madereva hii inawahusu)

Wakuu habari zenu. Hii ni rivyu ya kliniki ya mfumo wa mkojo niliyotibiwa tezi dume hapa Dar, upande wa Ilala, na humo humo nitawasema na walionihudumia kabla yao, maana bila hao huwezi kuelewa kwa nini hawa nawapa nyota nne. Majina sitaji ya mtu wala sehemu yoyote, hawa wazuri nao wana ya kulalamikiwa na mimi sitaki kesi na mtu.

Mimi ni dereva wa semi, Dar Tunduma. Anayeijua hiyo njia anajua kwamba kukojoa ni mpaka barabara iamue. Foleni ya mizani Vigwaza huwezi kushuka ukaacha gari, Kitonga unapanda na mzigo mzito huwezi kusimama popote, ukifika Tunduma ndo usiseme, unaweza kulala kwenye foleni na kuamka kwenye foleni. Basi mkojo unabanwa, maji hunywi ili usisumbuke, na huku umekalia kiti kutwa nzima. Sisemi hiyo ndo iliyonipa ugonjwa, daktari mwenyewe hakusema hivyo, ila alisema haisaidii.

Dalili zilianza kama UTI ya kawaida tu, mkojo unachoma, unaenda kila saa halafu kinachotoka ni matone, usiku unaamka mara nyingi. Baadaye yakaja maumivu ambayo nilikuwa siwezi hata kumwelezea mtu yako wapi, yaani pale kwenye msamba, kati ya korodani na haja kubwa, kama kuna kitu umekikalia, yanapanda kiunoni, yanashuka kwenye mapaja. Na samahani kwa wanaosoma wakiwa mezani, hata tendo la ndoa lilikuwa linauma mwishoni. Kilichonichosha zaidi ni kwamba yalikuwa yanaisha. Unameza dawa, siku mbili tatu unajisikia mzima, unamaliza dozi, unapiga safari zako, wiki kadhaa baadaye tena yale yale.

Sasa tuanze na maduka ya dawa. Duka la dawa nawapa nyota moja, na hiyo moja ni ya kufungua mpaka usiku. Ukishasema mkojo unachoma na akikuangalia ukiwa na jaketi la kampuni ya malori, mwenzako ameshamaliza kupima, anajua una gono. Huulizwi homa, huulizwi ni mara ya ngapi, unawekewa kwenye bahasha antibayotiki, sipro za siku tano na doksi juu yake, na wengine watakuuliza kwa sauti mbele ya wateja kama na mama naye apewe. Kuna mji mmoja njiani huko nilipewa sindano za seftriaksoni kwa siku zangu kadhaa, muuguzi ananiambia hii ndo kiboko. Kwa gono seftriaksoni ni dawa kweli, sibishi. Ila gono hakuna mtu aliyenipima.

Zahanati nawapa nyota mbili. Hawa angalau wanapima mkojo, wanachovya kile kijiti, wanaangalia kwa hadubini, wanakuandikia usaha upo, bakteria wapo, UTI. Sawa, UTI, lakini UTI kwa mwanaume inayojirudia si kitu cha kuandika kwenye kadi na kumpa mtu dozi ile ile ya mwezi uliopita. Hakuna aliyewahi kuniambia neno kuotesha, yaani kuwakuza wale bakteria maabara ili ijulikane ni mdudu gani na dawa ipi inamuweza. Na moja ya hizo zahanati wakanipima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, nikiwa katikati ya maumivu, ikatoka juu, yule kijana wa maabara akaniambia mzee hii inaweza kuwa kansa nenda Muhimbili haraka. Hebu fikiria mtu umepewa hiyo taarifa halafu jioni unapakia mzigo. Nimeendesha mpaka Iringa sijafungua redio.

Kuna na yule wa dawa za asili, alinitafuta yeye baada ya jamaa kumpa namba yangu, voisi noti ndefu, tezi dume inapona kwa siku saba bila upasuaji. Chupa haina lebo, haina tarehe, ina harufu ya karafuu. Nilipomuuliza inatibu uvimbe wa tezi au maambukizi akaniambia vyote kaka na nguvu inaongezeka. Hapo tuendelee mbele, nyota hakuna.

Kilichonifikisha kliniki ni homa iliyonishika Makambako. Homa ya kutetemeka mpaka meno yanagongana, msamba unawaka moto, na mkojo ukagoma kabisa, kibofu kimejaa hakitoki kitu. Tanboi wangu, msaidizi wangu wa gari, ndiye aliyenipeleka hospitali usiku ule na nitamshukuru mpaka kesho. Pale niliwekewa mpira wa mkojo na dawa za kwenye mshipa, na daktari wa zamu, binti mdogo tu, ndiye mtu wa kwanza kutamka kwamba hii si UTI ya kibofu, hii ni tezi dume imeshambuliwa, ukitoka hapa usirudi dukani, nenda kwa bingwa wa mkojo. Alinisisitizia na jambo lingine, kwamba ukiwa na homa namna hii asitokee mtu wa kukuminyaminya tezi, inaweza kusukumia wadudu kwenye damu. Kwa hiyo kama kuna mtu anasoma hapa ana homa, anatetemeka na mkojo hautoki, hiyo ni ya kukimbilia hospitali usiku huo huo, hii rivyu ataimalizia akirudi.

Haya, kliniki yenyewe sasa.

Kwa mwonekano ni ya kawaida, ghorofa ya pili, ngazi, lifti ipo ila sijawahi kuikuta inafanya kazi. Benchi limejaa wazee, na mimi niliyeko kwenye arobaini nilionekana kijana mpaka mzee mmoja akaniuliza umemleta baba yako? Nikamwambia shikamoo mzee, nimejileta mwenyewe. Akacheka. Maana huku kwetu ukisema tezi dume watu wanajua ni ya wazee tu na ni kuvimba au kansa, hakuna anayejua kwamba vijana wa miaka thelathini na kitu wanaumwa tezi kwa maambukizi, tena ni moja ya sababu kubwa za wanaume chini ya miaka 50 kwenda kwa daktari wa mkojo.

Kumwona daktari elfu arobaini. Kabla hujaingia sista anakupa karatasi ya maswali, tisa, unauma wapi, mara ngapi, mkojo unabaki, maisha yako yanaharibika kiasi gani, mwisho wanajumlisha alama, juu kabisa ni 43. Mwanzo niliona kama mtihani wa darasa la saba lakini baadaye nikaielewa, kila ukirudi unajaza tena na wanalinganisha, kwa hiyo hawakuulizi unajisikiaje ukajibu "nafuu kidogo" ikaishia hapo.

Daktari ni mtu mzima, mpole, anaongea taratibu kama ana siku nzima. Aligeuza ile karatasi akachora nyuma yake: kibofu juu, chini yake tezi, saizi ya ndimu ndogo, na bomba la mkojo linapita katikati ya tezi. Ndo maana tezi ikiumwa mkojo nao unasumbuka. Halafu akaniambia kitu ambacho kilinifungua macho kuliko dawa zote nilizonunua, kwamba dawa nyingi za antibayotiki zinafika vizuri kwenye mkojo lakini kwenye tezi haziingii, ile tezi kuta zake zinazipitisha dawa chache tu, zile zinazoyeyuka kwenye mafuta kama familia ya sipro na septrini. Kwa hiyo unameza dozi fupi, mkojo unasafishwa, unaona umepona, huku wadudu wamebaki wamejificha ndani ya tezi wamejijengea utando, pengine kuna na vijiwe vidogo humo wanavishikilia, wakipata nafasi wanarudi kwenye mkojo. Akasema mdudu yule yule kujirudia kwa mwanaume ndo alama kubwa ya ugonjwa huu. Hata dawa ya kufaa kama sipro, kwa tezi inaliwa wiki nne mpaka sita, si siku tano.

Kuhusu PSA alicheka kidogo akasema usipime hii moto ukiwa unawaka, maambukizi yanaipandisha yenyewe, tutasubiri wiki kadhaa baada ya matibabu ndo turudie. Tulikuja kurudia na ilishuka. Nawaambia tu wale ambao wamepewa namba kubwa na hawalali.

Sasa kile kipimo. Najua wengi mmekuja kusomea hapa. Ndiyo, ni kidole, ndiyo, ni huko. Kuna wanaume nawajua wako tayari kufa na maumivu kuliko kupimwa hivyo, na utani wa vijiweni ndo unawaua. Unalala ubavu, magoti kifuani, glavu, jeli ya baridi, daktari anakwambia vuta pumzi. Kinachouma ni tezi yenyewe akiigusa, na hiyo unaisikia mpaka kwenye ncha. Dakika haiishi, imekwisha, unavaa, dunia haijabadilika. Alisubiri homa na ule mpira viishe kabisa kwanza ndo akafanya hivyo, siyo siku ya kwanza.

Na hapa ndo nyota zangu nne zilipo: chupa mbili. Unakojoa chupa ya kwanza, ule mkojo wa katikati, unaweka jina lako. Unarudi kwa daktari, anaibonyeza tezi taratibu pande zote, kisha unaenda kukojoa tena kidogo kwenye chupa ya pili, ule wa mwanzo mwanzo, ambao unatoka na majimaji ya tezi. Zote mbili zinaoteshwa maabara. Wadudu wakiwa wengi zaidi kwenye ya pili ina maana makazi yao ni kwenye tezi. Nilikuja kusoma kwamba hiki kipimo awali kilikuwa cha chupa nne, Meares na Stamey, madaktari wa Marekani, walikitoa 1968, hiki cha chupa mbili ni ufupisho. Yaani kitu cha tangu 1968, kinataka chupa, glavu na maabara yenye uwezo wa kuotesha, na mimi nimezunguka nchi hii na bahasha za sipro hakuna aliyenitajia!

Kuotesha ni elfu thelathini kila chupa, majibu baada ya siku tatu. Chupa ya kwanza walikuwepo kidogo, ya pili wamejaa, E. coli, mdudu wa kawaida wa tumboni. Karatasi ina orodha ya dawa na pembeni herufi, S ina maana dawa inamuweza, R amekuwa sugu. Sipro R. Septrini R. Seftriaksoni R. Zile zote nilizokuwa napewa zimejipanga na R zake kama zinanicheka. Naitrofurantoini S, na ni bei rahisi, mimi nikafurahi nikasema basi nipe hiyo dokta, akanambia hapana, hiyo inaua kwenye mkojo lakini kwenye tezi haifiki ya kutosha, ukinywa tutarudi hapa hapa. Ndo tofauti ya bingwa na mtu anayesoma karatasi. Dukani ungepewa hiyo naitrofurantoini na S yake.

Iliyobaki ya kumeza ilikuwa fosfomaisini. Ni unga kwenye pakiti, unakoroga na maji unakunywa, ladha kama juisi ya chungwa iliyokosewa. Ratiba aliyonipangia siiandiki hapa kwa sababu najua tulivyo, kuna mtu ataenda kuinunua kesho bila kuotesha. Ilikuwa ni ya wiki nyingi na ilikuwa ghali, bima ilikataa, famasi ya kwanza hawana, ya pili hawaijui, nikaipata mjini kwa kuuliza uliza. Mwanzoni iliniharisha kidogo, ikatulia. Pamoja nayo nikapewa tamsulosini ya kulegeza njia ya mkojo, hiyo inywe usiku maana ukisimama ghafla kichwa kinazunguka, na kuna mabadiliko yake kwenye shahawa, zinapungua au hazitoki, niliambiwa mapema kwa hiyo sikushtuka. Nawasifu kwa hilo, kuambiwa mapema.

Baada ya dozi walirudia chupa mbili. Zote safi. Mpaka leo naandika niko vizuri, alama za ile karatasi zimeshuka sana ingawa siyo sifuri, nikikaa kwenye foleni ndefu msamba unanikumbusha. Daktari hakuniahidi kwamba haitarudi, alisema inaweza, na ikirudi tuoteshe kwanza.

Nisiwadanganye kwamba kila mwenye maumivu haya ana wadudu. Nilimpeleka dereva mwenzangu, dalili zile zile kama tumeambizana, chupa zake zote mbili hazikuota kitu. Kumbe wengi ndo wako hivyo, ule ugonjwa umegawanywa makundi manne na NIH, taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, tangu 1999, na la wenye maumivu sugu ya nyonga bila bakteria ndilo kubwa kuliko yote, la kwangu la bakteria sugu ni chini ya mmoja kwa kumi. Yule mwenzangu alisimamishiwa antibayotiki kabisa, akapelekwa kwa mtu wa mazoezi ya viungo kujifunza kulegeza misuli ya chini huku, maana alikuwa anaikaza bila kujua. Alinuna wiki nzima, anasema amelipa hela anaambiwa apumue. Sasa hivi anapumua na haulizi dawa.

Kitu kingine nilichokipenda, waliniambia nije na mke wangu. Mama watoto alikuwa ananiangalia kwa jicho fulani tangu bahasha za doksi, na mimi hata nikieleza inaonekana naongezea. Daktari alimkalisha akamwelezea kwamba huyu mdudu ametoka tumboni mwa mumeo mwenyewe, na kwamba magonjwa ya zinaa walinipima hayakuwepo. Aliuliza maswali yake yote, mengine mimi nilitaka kutoka nje. Hiyo huduma sijui wanaiandika kwenye bili kwa jina gani lakini kwangu ilikuwa ya thamani kuliko utrasaundi.

Malalamiko sasa. Faragha mbovu. Yule dada wa mapokezi anaita kwa sauti "wa tezi dume chupa ya pili!" benchi zima linageuka. Choo cha kutolea sampuli hakina hata kishubaka cha kuweka chupa, unashika chupa mkono mmoja, kifuniko mdomoni, suruali unaibana kwa kiwiko, na mlango haufungi vizuri. Kwa bei ile wangeweka kibao cha mbao tu. Majibu wanasema siku tatu ila kuna mara maabara ilikwama ukaenda bure, na hawapigi simu, ukipiga wewe hawapokei mchana. Na maelezo ya bima yanabadilika kulingana na nani yuko dirishani. Hapo ndo ile nyota ya tano ilipopotelea.

Ya barabarani waliyonishauri na ninayafuata: nasimama kuchimba dawa hata kama abiria wa pembeni ananung'unika, maji nakunywa, zile enajidrinki nimepunguza sana na pilipili kwa wiki zenye maumivu naacha, na nimenunua mto wa kukalia wenye tundu katikati, Kariakoo wanauza. Tanboi anauita taji. Nimemwacha aite.

Kwa walio mbali na Dar, Muhimbili na KCMC kule Moshi wana idara za mkojo na unaweza kwenda kwa rufaa, kwa hiyo usione kama lazima kliniki ya kulipia. Swali la kuuliza popote ni moja tu, mnaotesha kabla na baada ya kubonyeza tezi? Wakikuangalia kama umeongea Kichina, shukuru, ondoka.

Kama mnakwenda hii ya kwangu, nitumieni ujumbe nawaelekeza. Nendeni mapema, foleni inaanza kabla hawajafungua, na msimeze antibayotiki yoyote kabla ya chupa, mtaharibu kipimo. Ijumaa msipeleke sampuli, wikiendi maabara inasuasua. Jumamosi bingwa hayupo, yupo kijana mmoja mpole sana ambaye kila utakachomuuliza atakwambia njoo Jumatatu.